Nimelipia kanda, nimelipia tozo, bado naitwa mwizi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa zamani na sijawahi kukuandikia. Ningeendelea kunyamaza kama si ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wizi wa kazi za wasanii, yenye picha ya flashi zilizotandazwa kando ya barabara Kariakoo. Mwandishi wako amewachanganya anayechoma CD za kuuza, anayepakua nyimbo mtandaoni na kuzigawa, na mtu mzima anayetaka kuhamishia kwenye flashi nyimbo za kanda alizozinunua kwa jasho lake. Wote, kwa kalamu yake, ni wezi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Kifungu cha 12 kinamruhusu mtu kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi, bila kumwomba mtunzi ruhusa wala kumlipa. Ukiuza nakala, au ukiipiga mbele ya watu, hapo ni habari nyingine. Ni kifungu cha kusoma huku unangoja chai ipoe.

Nasema haya kwa sababu habari yenu imeshaniponza. Nina kanda za bendi za Mlimani Park na Msondo, na za mwimbaji marehemu Marijani Rajabu, nilizozinunua dukani, majalada yake ninayo. Tepu zimeanza kunata, redio inazila, na nyingine hata ukizirudisha kwa penseli zinalia kama mbuzi. Nikazibeba kwenye mfuko hadi kwa kijana mmoja Kariakoo mwenye mashine ya kuhamishia nyimbo kwenye flashi. Akazitazama, akanirudishia. "Mzee wangu, hizi siwezi, siku hizi wanakamata, hata gazetini wameandika." Nikamwambia kanda ni zangu, flashi ni yangu, na kama anaogopa kubonyeza basi anikodishe mashine nibonyeze mwenyewe, yeye ageukie ukutani. Akakataa kwa heshima zote, shikamoo juu yake. Halafu, Mhariri, sijamaliza hata kufunga mfuko, akanionyesha ubao wenye flashi zilizokwisha kujazwa: taarabu, singeli, Bongo Fleva, zilipendwa, injili. "Chukua hii ya zilipendwa mzee, wote hao uliowaleta wamo humu." Wamo! Wametoka wapi, kama si kwenye kanda za wazee wenzangu? Kwa hiyo lile ambalo sheria inaliruhusu kijana analiogopa, na lile ambalo sheria inalikataza amelitundika ukutani likiwa na bei. Simlaumu sana. Amejifunza sheria kutoka kwenye ukurasa wako.

Tena kuna tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 inayotozwa vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi hizi, ili wasanii wapate chochote kwa kuwa inajulikana watu watanakili majumbani. Mimi siipingi. Wanamuziki wa enzi zetu walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikasikika nchi nzima, na wengi wakazeeka mikono mitupu. Kama tozo itawafikia warithi wao, nitoze. Uingereza mwaka 2014 waliruhusu watu kunakili CD walizonunua, ila bila tozo. Wanamuziki wakaenda mahakamani kulalamika kwamba hawakuwekewa fidia, na 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo. Sisi ruhusa tunayo na tozo tunayo. Unalipa kwa sababu utanakili, kisha unaitwa mwizi kwa sababu umenakili. Bora basi kila flashi iuzwe na kijikaratasi kimeandikwa: "Mwenye kifaa hiki ameshalipa, aachwe asikilize."

Nikiwa bado na hasira, niulize na hili. Nyuma ya nyumba yangu kuna baa. Inapiga muziki wa watu kwa wateja, kwa biashara, usiku kucha, spika zimeelekezwa dirishani kwangu. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa na leseni ya kupiga muziki hadharani. Nilipomuuliza meneja kama anayo, alinijibu leseni ya vileo iko ukutani, nikaisome. Mjumbe ameambiwa, serikali ya mtaa imeambiwa, na wao wakaenda, wakakaribishwa soda. Sijasoma popote kwamba mwenye baa ni mwizi wa kazi za wasanii. Usingizi wetu sisi nao hauna hakimiliki, nafahamu.

Mwandishi wako akitaka habari ya kweli, namkaribisha Ijumaa yoyote saa saba za usiku. Ashuke kituo cha Magomeni Usalama. Hatahitaji kuelekezwa, afuate mlio. Na aje na flashi.

Mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam