Kuku ana ngeli yake, binadamu ananyimwa

Mhariri,

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na sikuwahi kudhani kwamba ngeli zingekuja kuninyima usingizi.

Mwezi Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, bondia wa Italia Angela Carini aliacha pambano lake na Imane Khelif wa Algeria baada ya sekunde 46. Jioni hiyo video ilifika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wazazi wa mtaani, pamoja na madai kwamba Khelif si mwanamke. "Hicho ni kitu gani?" "Lile dume limemuumiza dada wa watu." "Jitu kama hilo lifungiwe." Khelif aliandikishwa msichana alipozaliwa na akalelewa msichana, lakini hilo halikumzuia mtu kuandika. Na walioandika si wahuni. Ni watu ninaosalimiana nao kila asubuhi, na mmoja wao nilimfundisha insha.

Wenye Kiingereza hugombana kuhusu kiwakilishi, kwa maana lugha yao inawalazimisha kuchagua kati ya mwanamke na mwanamume. Sisi hatuna ugomvi huo. Yeye ni yeye. Anakuja, amekaa, atakula: mama, baba, mtoto, hata mgeni ambaye hujamwona uso. Kuku anataga, ng'ombe amelala. Kipofu na kiziwi ni majina yanayoanza na ki-, lakini hatusemi "kipofu kimepita". Tunasema amepita, kwa kuwa aliyepita ni mtu. Ili wamtukane Khelif, majirani zangu iliwabidi kwanza wamtoe kwenye ngeli ya watu na wanyama, wampeleke kwenye ngeli za majembe na viti.

Sisemi watu wasiulize. Haki katika michezo ya wanawake ni jambo zito, na sisi linatugusa. Kule Rio mwaka 2016, medali zote tatu za mita 800 zilikwenda kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wetu wa Kenya. Mwaka 2019 kanuni za riadha zikawataka wanawake wa hali yao, ambao miili yao hutoa kwa asili homoni nyingi ya testosteroni, wapunguze homoni hiyo mwilini, la sivyo waache mbio hizo. Mimi nazipinga kanuni hizo. Ndugu yangu, ambaye ni kocha, anaziunga mkono, na tumebishana hadi chai ikapoa. Hakuna aliyemwita Wambui "hilo". Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000.

Hata mahakamani watu hupingana bila kuvunjiana utu. Audrey Mbugua, Mkenya aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume na sasa anaishi kama mwanamke, alipotaka cheti chake cha mtihani kibadilishwe jina na kiondolewe alama ya jinsia, Baraza la Mitihani lilipinga kwa hoja, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikampa haki kwa hoja. Asiyependa uamuzi ule bado anaweza kuupinga vivyo hivyo.

Nao wanaouliza kwa nia njema hutukanwa. Huitwa washamba, huambiwa hawajasoma. Hilo nalo nimelikemea, maana aliyeuliza hajajibiwa. Carini mwenyewe, aliyepigwa ngumi zile, alimwomba Khelif radhi baadaye. Waliokuwa wakitazama kwenye simu zao sijasikia wakiomba.

Usiku ule mama mmoja alitoka kwenye kikundi. Simu iliandika tu kwamba ametoka, na mazungumzo yakaendelea juu ya maandishi hayo madogo ya kijivu kana kwamba hayapo. Mtoto wake ni huntha, yaani amezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. (Ameniruhusu kuandika haya.) Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa hali hiyo nchini Kenya, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto hao. Lakini pale mtaani mwetu tunaojua ni mimi na mkunga aliyemzalisha.

Asubuhi nilimwandikia kumjulia hali. Akajibu kwa mstari mmoja:

"Mwalimu, nani aliwaambia?"

Hakuna aliyewaambia. Walikuwa wakimzungumzia bondia wa Algeria.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru