Kabla ya kununua shotigani ya kulinda nyumba, tengeneza mahali itakapolala

Swali linaloletwa karakanani kwetu mara nyingi ni "ninunue bunduki gani?", na anayeuliza kwa kawaida tayari yuko katikati ya maombi ya leseni. Sisi tunaanzia kwingine: itakaa wapi? Shotigani ya nyumbani huenda isifyatuliwe hata mara moja kwa ajili ya kazi iliyonunuliwa. Muda wote huo imesimama mahali fulani katika nyumba yenye watoto, wageni, dada wa kazi na fundi bomba. Bunduki iliyo nyuma ya kabati la nguo au chini ya godoro imefichwa tu, haijahifadhiwa, na watoto wa nyumba huyajua maficho yote kuliko wazazi wanavyodhani.

Kwa Tanzania, jambo hili liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha moja yenye namba yake. Kwa hiyo huwezi kumpa mlinzi wa getini ashinde nayo usiku, hata kama ni mlinzi wako wa miaka kumi. Na mmiliki akifariki, bunduki haigawanywi pamoja na viti na ng'ombe: inakabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaomba leseni yake mwenyewe. Waambie wa nyumbani jambo hilo mapema, maana kwenye msiba hakuna anayelikumbuka.

Vipimo kwanza

Shotigani nyingi za nyumbani ni za geji 12, yaani mtutu wenye tundu la milimita 18.5 hivi. Ya pampu, yaani inayopakiwa kwa kuvuta mshikio wa chini ya mtutu nyuma na mbele, yenye mtutu mfupi wa sentimita 47 ina urefu wa jumla wa karibu mita moja. Ya kuwindia ndege au yenye mitutu miwili, kwa mtutu wa sentimita 71, hufika sentimita 115 hadi 122. Wateja hununua sefu za hoteli zenye urefu wa nusu mita, kisha wanagundua kwamba bunduki haiingii. Sefu ya shotigani inahitaji nafasi ya ndani ya sentimita 130 kwenda juu, na ukitaka kijisanduku cha risasi kichwani, panga 140.

Kipimo kingine kinachosahaulika ni cha mwili wako. Kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, bunduki nyingi zina sentimita 35 au 36. Mtu mfupi, au mke ambaye naye ameombewa leseni, atajikuta ananyoosha mkono na kuegemea nyuma. Bunduki itampiga begani na mtutu utapanda. Sentimita 32 au 33 humtosha. Kitako cha kubadilishwa hugharimu kidogo kuliko bunduki nyingine.

Bamba, mlango na kitasa

Kiwango cha Uingereza cha makabati ya bunduki, BS 7558, kinataka bamba la chuma la milimita 2 kwenda juu. Sisi tunatumia milimita 3, kwa sababu huku mwizi anakuja na mtaimbo na grenda, na grenda haihitaji umeme wa ukutani siku hizi. Sefu ya sentimita 140 kwa 35 kwa 30 inakula kama mita mbili za mraba za bamba. Kwa milimita 3 hiyo ni kilo 48, kabla ya mlango kuongezewa fremu na makomeo. Ukisikia kilo 48 unaona ni nzito. Si nzito. Vijana wawili wanaibeba hadi kwenye bajaji, wanaenda kuifungulia porini kwa nafasi yao. Ndiyo maana sefu isiyofungwa ukutani ni mzigo uliokwisha kupakiwa.

Kwenye mlango, angalia upande wa bawaba kwanza. Bawaba za nje hukatwa kwa dakika chache, na mlango usio na makomeo ya kudumu upande huo hung'oka wote, hata kitasa kikiwa cha bei gani. Pitisha kipande cha milimita 2 kwenye upenyo kati ya mlango na fremu: kikiingia bila shida, na ncha ya mtaimbo itapata pa kuanzia.

Kitasa cha kidijitali kinapendwa kwa sababu kinafunguka gizani kwa sekunde chache. Kina magonjwa matatu. Betri hufa, na ndani ya nyumba yenye ufunguo wa dharura uliopotea hiyo ina maana ya kukata sefu. Namba ya kiwandani watu hawaibadilishi, na namba hizo zinafahamika. La tatu halionekani kwa macho: vitasa vya bei rahisi hushikiliwa na kipini kidogo chenye springi na sumaku ya umeme, na ukiigonga sefu kwa nguvu huku unazungusha kishikio, kipini kinaruka na mlango unafunguka. Jaribu kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Cha alama ya kidole hatukipendekezi kwa mkulima au fundi: kidole kilichosuguliwa na jembe au saruji hakisomeki kila mara, na chenye jasho vilevile.

Kitasa cha ufunguo ni imara na hakitaki betri, ila ufunguo wenyewe unataka nyumba. Juu ya kabati si nyumba ya ufunguo. Ukae mwilini mwako, au kwenye kijisanduku cha chuma cha namba.

Ukuta ndio unaoshindwa

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na anayelaumiwa huwa ni sefu. Bolti ya kutanuka hushika kwa kusukuma kuta za tundu. Kwenye zege inafanya kazi vizuri. Kwenye tofali la saruji lililopigwa kwa mchanga mwingi, jinsi nyumba zetu nyingi zilivyojengwa, tofali linapasuka kwa ndani wakati unakaza nati. Fundi anahisi nati imekaza, anaondoka. Kilichokaza ni plasta tu. Ukiivuta sefu kwa mkono, inakuja na kipande cha ukuta.

Kabla ya kutoboa, tunatoboa tundu moja la majaribio la milimita 6 na kuangalia vumbi. Vumbi la kijivu, jembamba, na drili inayokwenda kwa shida: hiyo ni zege au tofali zuri. Mchanga unaomwagika na drili inayozama ghafla: sahau bolti za kutanuka. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha ukuta wote vyuma vinne vyenye hesi vya milimita 12, kila kimoja kikiwa kimechomelewa kwenye bamba la sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 6, upande wa pili wa ukuta. Bamba hizo hufukiwa kwa plasta. Nati zote zikae ndani ya sefu. Tumeona kazi za mafundi walioweka nati nje ya nyumba, zikimsubiri mwizi mwenye spana ya 19. Njia ya pili ni gundi ya kemikali inayojaza tundu, lakini tundu lazima lipulizwe na kupigwa brashi mpaka vumbi liishe. Gundi juu ya vumbi inashika vumbi.

Sakafu ni msaada mzuri, kwa tahadhari moja. Zege la sakafu ya nyumba ya kawaida lina sentimita 10, na chini yake kuna nailoni ya kuzuia unyevu. Ukitoboa zaidi ya sentimita 8 unaikaribia, ukiitoboa umefungua njia ya maji kupanda moja kwa moja chini ya bunduki yako. Weka alama ya tepu kwenye biti ya drili. Chini ya sefu weka mpira wa milimita 5 ili chuma kisilale juu ya zege.

Kuhusu chumba: cha kulala cha mwenye leseni, kwenye kona, mlango wa sefu ukifungukia upande wa ukuta. Kona inamnyima mwizi nafasi ya kuzungusha mtaimbo. Stoo ya nje haifai. Sebuleni haifai zaidi, kwa sababu kila mgeni atajua nyumba hii ina bunduki, na kuna watu wanaovunja nyumba kwa ajili ya bunduki hasa.

Risasi zina hatari zake

Soma kilichoandikwa ubavuni mwa mtutu: 70 au 76. Ni milimita za chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na ndicho kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote. Urefu unaoandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kwa hiyo risasi ya 76 inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya 70, na bunduki ikafunga. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda unafungukia pale mtutu unapobana, marisau (goroli ndogo zilizomo ndani ya ganda) yanakwama kidogo, na shinikizo linapanda kupita uwezo wa chuma. Risasi ya 70 kwenye chemba ya 76 haina shida.

Mbaya kuliko hiyo ni geji 20 kuchanganyika na geji 12. Ile ndogo huteleza ndani ya mtutu mkubwa na kukwama mbele ya chemba, haionekani. Mtu anadhani hajaweka kitu, anaingiza ya geji 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano. Usiwe na geji mbili katika nyumba moja.

Risasi zenye marisau makubwa ya milimita 8.4, tisa kwa ganda moja, hupita mlango mwepesi wa mbao, dari ya jipsamu na bati, na bado zina nguvu upande wa pili. Fikiria chumba cha watoto kiko upande gani kutoka kitandani kwako. Pia achana na imani kwamba shotigani haihitaji kulenga: kwa mita 5, yaani urefu wa sebule, marisau hayo yametawanyika kwa upana wa kiganja tu.

Risasi zikae kwenye kijisanduku chenye ufunguo tofauti na wa sefu. Wateja wengine wanataka magazini (bomba la chini ya mtutu linaloshika risasi za akiba) ijazwe na chemba iwe tupu, waokoe sekunde. Kwenye nyumba yenye mtoto tunawaambia hapana. Sekunde hizo zinapatikana kwa mageti ya chuma, taa ya nje na mbwa, vitu ambavyo havimdhuru mtoto akivigusa.

Kuitoa risasi kabla ya kufunga

Kosa la pampu ni moja na linajirudia: mtu anavuta pampu, risasi ya chemba inaruka, anaridhika, anairudisha mbele. Kurudisha kule kumepakia nyingine kutoka magazini. Anza na magazini. Mtutu uelekee ukuta imara au ardhini, kidole nje ya kifyatulio, sefti (kitufe cha usalama) imefungwa. Toa risasi za magazini moja moja kwa kubonyeza kizuizi chake kwa chini, ndipo ufungue chemba na kutoa iliyomo. Kisha angalia kwa macho, na uingize kidole chemba na mdomo wa magazini, maana gizani macho hudanganya. Sefti ya bunduki nyingi huzuia kifyatulio tu; nyundo na pini hazizuii. Iliyopakiwa ikianguka inaweza kulia hata sefti ikiwa imefungwa.

Iache pampu wazi, pitisha kufuli ya waya kwenye dirisha la kutolea maganda, ndipo uiweke. Kufuli ya kifyatulio tusiipachike kamwe kwenye bunduki yenye risasi: kipande chake kinapita palepale kidole kinapopita.

Kutu ya pwani

Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, Mombasa: hewa ni ya chumvi na sefu ni sanduku lililofungwa. Usiihifadhi bunduki ndani ya begi lake la sponji. Sponji hunywa unyevu na kuushikilia kwenye chuma mpaka madoa ya kahawia yatokee. Kwa sefu ya lita 150, gramu 500 za silika jeli zinatosha. Ile ya rangi ya machungwa hugeuka kijani ikishiba, unaikausha kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, unairudisha. Mafuta yawe utando mwembamba tu. Baada ya kusafisha, isimamishe mtutu ukiwa chini usiku mmoja, vinginevyo mafuta yanashuka kwenye kitako na kulainisha mbao. Na usishike risasi kwa mikono yenye mafuta: yakipenya kwenye fataki, yaani kiwashio cha nyuma ya ganda, haitalia.

Vya kuongezea ni vichache. Mpira wa begani, ndiyo. Mkanda wa kubebea uvuliwe ndani ya nyumba, hunasa kwenye vitasa vya milango. Tochi ya kufunga kwenye mtutu hatuiuzi, kwa sababu kumulika mtu kwayo ni kumwelekezea bunduki, na mara nyingi anayetembea usiku ndani ya nyumba ni wa nyumbani. Nunua tochi ya mkononi.

Ukitaka tuje kupima, tutumie kabla: urefu wa bunduki kama ilivyoandikwa kwenye leseni au proforma, picha ya kona ya chumba, aina ya tofali na unene wa ukuta (upime pale dirishani), na kilichopo upande wa pili wa ukuta huo. Kama kuna bomba au waya wa umeme unaojua unapita hapo, chora mstari kwa chaki kabla ya kupiga picha.