Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa): Huyu mwalimu wa kujitolea hayumo kwenye ikama, idadi rasmi ya watumishi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Siombi madawati wala matundu ya vyoo, ingawa navyo havitutoshi. Naandika kuhusu walimu wa kujitolea wa madarasa ya chini, na kazi yao moja isiyoandikwa kwenye taarifa yoyote inayofika mezani kwako.

Kuna mtoto wa darasa la kwanza ambaye mama yake alikwenda visiwani kwenye dagaa, akamwacha kwa bibi. Alikuwa mchangamfu. Ghafla akaanza kujikojolea darasani, akiitwa haitiki, na uji wake anawagawia wenzake. Mwalimu wa darasa, mwenye watoto zaidi ya mia, alimweka kwenye kundi la wasiojua KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), basi. Mwalimu wa kujitolea, ambaye huketi nyuma na wanaosuasua, ndiye aliyegundua kuwa mambo huharibika siku za gulio. Mama aliahidi kuja na boti ya gulio, na haji.

Hakufanya maajabu. Alimpa kazi ya kugawa madaftari, akamhamishia karibu na mlango, na asubuhi ya gulio alikuwa anamwambia mapema: "Leo ukizidiwa, njoo kwangu, usiombe ruhusa." Jioni moja alipita kwa bibi, wakampigia mama simu, mtoto akaongea naye. Uji alianza kuunywa wiki hiyohiyo. Kusoma kulikuja baadaye sana, na sioni ajabu.

Najua serikali imeelekeza shule ziwe na walimu wa malezi na unasihi. Ni jambo jema. Ila kwetu mwalimu huyo ndiye wa Hisabati darasa la sita na la saba, na funguo za stoo anazo yeye. Wanafunzi wakubwa humwendea. Mtoto wa miaka sita habishi hodi ofisini kueleza kilichomsibu, na namba 116 ya huduma kwa mtoto haimfai asiye na simu. Yeye husema kwa mwili: anapiga wenzake, anasinzia, kila Jumatatu tumbo linamuuma. Anahitaji mtu mzima aliye karibu kiasi cha kuyaona hayo, na kwa darasa kama letu mtu mmoja haoni. Uwiano wenu wenyewe ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na 25 kwa darasa la awali.

Tena kuna suala la fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi. Sote tunajua yanayotendeka. Nimeona kwa macho yangu kuwa darasa lenye watu wazima wawili lina fimbo chache, maana mwalimu asiyezidiwa hana haraka ya kuchapa.

Wazazi wenzangu wakisikia "afya ya akili" wanawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, yaani mtoto akiwa bado mikononi mwetu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018, wakafa watu zaidi ya 200, nilijiuliza nani ataketi na watoto wa waliokufa watakaporudi darasani. Bado najiuliza.

Sisemi mwalimu wa kujitolea awe daktari. Mtoto aliyebakwa au anayetaka kujidhuru ni wa afisa ustawi wa jamii na hospitali, na mwalimu huyu afundishwe mpaka wake uko wapi. Achunguzwe pia kabla ya kukabidhiwa watoto, kwa sababu si kila anayejitolea ana nia njema. Wala asifanywe kisingizio cha kutoajiri. Wahitimu wa ualimu wamejaa mitaani.

Ninachoomba ni kwamba atambuliwe kwa barua ya halmashauri, aingizwe kwenye mafunzo ya unasihi yanayotolewa kwa walioajiriwa, na posho yake itoke kwenye fungu linaloeleweka. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haiwezi kumlipa. Michango ya wazazi ni ya hiari, na msimu dagaa wakiadimika hiari nayo inaadimika.

Wa kwetu tumeshamwambia kwamba muhula ujao hatuna uhakika wa posho yake. Ameanza kuulizia kazi ya duka mjini. Januari tunapokea darasa la kwanza jipya, hivyo jibu lako likija kabla ya hapo litatusaidia zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjumbe wa kamati ya shule, Mwanza