Mama, huku shikamoo ni ya mikono

Shikamoo mama. Natumai wote hamjambo hapo nyumbani, mi mzima, joto tu ndo linanimaliza. Nipo Chanthaburi tangu ijumaa, kama kilomita 250 kutoka Bangkok, ndo ule mji wa mawe ya vito, si unawakumbuka wale Wathai baba alikuwa anatuhadithia, waliojaa Tunduru miaka ya 90 wakinunua mawe? Sasa huku mnunuzi anakodi meza anakaa, nyie wenye mawe ndo mnapita meza kwa meza, na hata akikupa bei ya kukutukana anakupa kwa tabasamu yani unashindwa hata kununa.

Ila mama kubwa ni hili, huku wana shikamoo. Wanaunganisha viganja kifuani wanainamisha kichwa kidogo, wanaita wai, mdogo ndo anaanza mkubwa anaitikia, sawa sawa na marahaba yako, na heshima ikizidi mikono nayo inapanda, mzee vidole gumba vinafika puani, mtawa vinafika kwenye paji la uso. Mi siku ya kwanza nikampigia wai ya puani kijana wa dukani ambae hata miaka 20 sidhani, akacheka mpaka akageukia friji, kumbe ni kama nimemwamkia shikamoo mtoto wa jirani.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Jumamosi mvua ikanikuta barazani kwake nimelowa chapachapa, hakuniuliza natoka wapi wala biashara imeendaje, akavuta kiti cha plastiki, akaleta maji ya barafu na taulo, afu akaniuliza "kin khao rue yang", mjukuu wake akanitafsiria kwenye simu: umekula wali au bado? Mama nilikukumbuka hapo hapo. Nikasema nimeshiba (uongo, unanijua), akapakua tu. Wanakula kwa kijiko, uma ni wa kusukumia chakula, na kila nikimaliza pembe moja ya sahani anaongeza.

Sasa nikaharibu. Yule mjukuu yuko kama darasa la tatu hivi, katika kumshukuru nikampapasa kichwani kama tunavyowafanyia watoto kwetu. Kukawa kimya. Huku kichwa ni kitukufu hakishikwi ovyo, na miguu ndo uchafu wenyewe, hata kumnyooshea mtu nyayo ni matusi. Bibi hakunigombeza, alitabasamu tu, akamvuta mtoto taratibu kwake akaniongezea mchuzi, mi nikajua mwenyewe nimekosea, ningepigwa kelele ingeniuma kidogo kuliko ile.

Maana hawapendi kumtia mtu aibu kabisa, wana neno lao kreng jai, ni ile kuona haya kumsumbua mwenzio. Tamu lakini ina hasara yake mama, nilimuuliza mzee mmoja njia ya stendi, hajui, ila kuniambia sijui akaona ananiangusha, basi akaninyooshea mkono kwa uchangamfu wote nikatembea nusu saa nikatokea kwenye shamba la doriani. Zile zile za Unguja ila huku ndo kwao, harufu mpaka hoteli zingine wameweka alama ya marufuku mlangoni, kwa hiyo usitegemee zawadi hiyo.

Viatu wanavua mlangoni kama kwetu, hilo sijapata shida.

Narudi wiki ijayo inshallah, mawe mawili bado, bei haijakaa vizuri. Halafu bibi nimemuonesha picha yako ile ya Idi, anataka kujua una miaka mingapi, sio umbea, huku wasipojua umri hawajui wakuite phi yani dada mkubwa au nong yani mdogo mtu. We niambie tu nimtajie ile ya kweli au ile ya kwenye kitambulisho.