Salamu za Pasaka kwa wanakwaya wenzangu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Kristo amefufuka! Nawasalimu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali.

Kwaresima hii haikuwa nyepesi. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, na nauli ya kwenda kula sikukuu na wazee imewashinda wengi. Nasi Pasaka hii tunaila bila mama. Mlikuwepo makaburini, mkaona nilivyoshindwa kufungua mdomo kwaya ilipoanza.

Tangu siku ile nasikiliza kantata moja ya Pasaka (wimbo mrefu wa kwaya na ala, wenye sehemu kadhaa) ya Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, «Christ lag in Todes Banden», yaani Kristo alilala katika vifungo vya mauti. Inaaminika aliitunga mwaka 1707, akiwa na miaka 22. Kabla hajatimiza miaka kumi, kijana yule alikuwa amekwisha kuzika mama na baba. Maneno ni ya utenzi wa Luther wa mwaka 1524, beti saba, wala Bach hakuruka hata ubeti mmoja.

Ubeti wa pili ndio ulionishika. Ni sauti ya kwanza na ya pili tu, zinashuka taratibu, moja ikiikwaruza nyingine, zikisema hakuna mwanadamu aliyekiweza kifo. Na bado mwishoni zinaimba Haleluya! Kila ubeti unaishia hapo, hata huo wa msiba. Mama alikuwa sauti ya pili. Kitabu chake cha nyimbo ninacho, kona za kurasa zimelika kwa kidole alichokuwa akikilamba.

Ubeti wa nne, kifo na uzima vinapigana mweleka, kifo kimoja kinakimeza kingine. Basi ndugu, tunaogopa nini? Aliyepika pilau amkumbuke jirani aliyeinjika maharage. Aliyenuna na nduguye tangu Krismasi amwendee leo, asingoje kukutana naye msibani. Na mwenye kilio asiambiwe anyamaze. Aachwe alie, Haleluya yake itakuja mwishoni mwa ubeti.

Nawatakia Pasaka njema, yenye amani, afya na baraka tele ninyi na watoto wenu. Ibada ya alfajiri nitakuwepo, kwenye sauti ya tatu, na kitabu cha mama mkononi.