Waacheni mashujaa wa katuni wawe vijana

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba katuni zinazowageuza mashujaa tuliowazoea kuwa wanafunzi wa sekondari zinawashushia hadhi.

Ninamlea binti wa mdogo wangu. Ana miaka 13 na ana mbalanga mikononi. Jua la saa nane hapa Tanga yeye yumo ndani ya sweta la shule, mikono kaivuta mpaka kwenye vidole. Likizo ya Juni mwanangu alileta flashi yenye X-Men: Evolution, katuni ya wanafunzi waliozaliwa na nguvu za ajabu, iliyoanza kuoneshwa Marekani mwaka 2000. Humo msichana Rogue havui glavu, kwani akimgusa mtu ngozi kwa ngozi humnyonya nguvu mpaka akaanguka. Kurt, mwenye manyoya ya buluu na mkia, huvaa saa inayomfanya aonekane mvulana wa kawaida.

Mtoto alitazama vipindi vitatu kimya. Kisha akaniuliza, "Mama mkubwa, mbona Kurt akiwa nyumbani haiwashi ile saa?" Nikamwambia, kwa sababu pale wote wanamjua. Akavua sweta, akalitundika nyuma ya mlango, akarudi kukaa.

Logan, yule shujaa mtu mzima mwenye makucha ya chuma, na ubabe wake wote asingemfikisha hapo. Mtoto alihitaji kumwona wa rika lake akiingia darasani na siri mwilini. Isitoshe, Stan Lee na Jack Kirby walipowatunga X-Men mwaka 1963, wale watano wa kwanza walikuwa vijana wa shule. Hadhi gani basi iliyoshushwa?

Langu mimi ni jingine. Katika katuni hiyo Ororo, yule Storm mwenye kuamuru mvua na radi, ameachwa mtu mzima, mwalimu wa wenzake, na ujana akapewa mpwa wake Evan. Na Ororo ndiye ambaye mama yake, kwa mujibu wa vitabu vya katuni, ni Mkenya! Vitabu hivyo vinasimulia alivyobaki yatima Cairo, akaishi kwa kuchomoa watu mifukoni, kisha akiwa bado mtoto akashika njia kwa miguu kuja Kenya. Ujana wa namna hiyo unatosha mfululizo mzima. Wachoraji wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wakipewa kazi hiyo, mimi na binti yangu tutakuwa wa kwanza kukaa mbele ya runinga.

Mwalimu na mlezi,
Ngamiani, Tanga