Mada ya Jumamosi: Mabingwa wa Wahoo

Ndugu wanakikundi,

Nawasalimu nyote. Jumamosi hii, saa mbili usiku, tutajadili timu ya wanawake ya softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, ya Chuo cha John F. Kennedy, kilichofunguliwa mwaka 1965 katika mji mdogo wa Wahoo, jimbo la Nebraska, Marekani. Mashindano ya kitaifa ya softiboli ya vyuo kwa wanawake yalipoanzishwa mwaka 1969 huko Omaha, jirani na Wahoo, wasichana wa chuo hicho walitwaa ubingwa, wakautetea mwaka 1970 na tena mwaka 1971, wakiviacha nyuma vyuo vikuu vyenye wanafunzi wengi mara nyingi zaidi yao. Tuzingatie kwamba ushindi huo wote ulipatikana kabla ya sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na zaidi ya miaka kumi kabla ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, kuanzisha mashindano yake ya softiboli mwaka 1982. Kwangu mimi, hilo ndilo linalostaajabisha kuliko makombe yenyewe. Chuo kilifungwa mwaka 1975.

Naomba kila mmoja aje na maoni kuhusu swali hili: chuo kikishafungwa, ni nani anayepaswa kuitunza historia ya timu yake?

Mratibu wenu